Mlima Ukiwaka Usiku: Mwongozo kwa Wakaazi wa Goma na Majirani Zao

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima wa volkano Nyiragongo ulipasuka ubavuni na lava ikaanza kuteremka kuelekea Goma. Hakuna bendera ya tahadhari ya volkano iliyokuwa imebadilishwa rangi, wala redio haikuwa imetangaza kitu. Wanasayansi waliorudia kusoma kumbukumbu za mitambo baadaye waliona kwamba dalili zilizosomeka wazi zilitangulia kwa chini ya saa moja. Kwa mtu anayelala kati ya Kibati na ufuo wa Ziwa Kivu, jambo hilo linabadilisha hesabu yote. Watu wamezoea kuambiwa wangoje onyo. Mwongozo huu unaanzia kwingine: chukulia kwamba onyo halitakuja, au litakuja limechelewa, halafu ndipo upange. Na kuna kanuni moja ya kuitanguliza: kuondoka, usingoje ruhusa ya mtu; kurudi, ngoja.

Pima nyumba yako

Wataalamu wanapofanya tathmini ya hatari huangalia mambo matatu. Kwanza tishio lenyewe, pili watu na mali vilivyo njiani mwake, na tatu udhaifu wa watu hao, yaani kile kitakachowafanya waumie kuliko wenzao. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kibarazani kwa kalamu na karatasi. Ni nini kinachoweza kunifikia hapa ninapolala? Kitanifikia baada ya muda gani? Na nini kitanizuia nisitoke?

Anza na historia, maana mlima huu umeshaonyesha tabia yake. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kwenye kasoko lilimwagika ghafla kupitia nyufa za ubavuni. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi duniani kwa sababu ina silika kidogo, na kwenye miteremko ya juu inakadiriwa ilikimbia kilomita 60 kwa saa. Watu wa vijiji vya juu hawakupata nafasi ya kukimbia. Makadirio ya waliokufa yanaanzia makumi hadi mamia kadhaa.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilishuka hadi karibu na Munigi, pembeni kabisa mwa mji. Lava ikapita uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma hadi ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao, na takriban 400,000 walikimbia. Mwaka 2021 lava iliteketeza nyumba za Buhene na vitongoji vingine vya Nyiragongo, ikakata barabara ya Goma na Rutshuru, kisha ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Hapo kuna mafunzo mawili ya kutumia katika hesabu yako. La kwanza ni kwamba umbali wa nyumba yako kutoka kwenye kasoko si umbali wake kutoka kwenye lava. Ardhi inaweza kupasuka chini zaidi, karibu na wewe kuliko kilele. La pili, lava hufuata mabonde na mikondo ya maji, na mwendo wake hutegemea mteremko. Anayeishi Kibati, Kanyaruchinya, Rusayo au Munigi ahesabu dakika. Anayeishi Himbi au Katindo huenda akapata saa kadhaa, kwa sababu mjini ardhi imelala na mwaka 2002 watu wengi waliweza kutembea mbele ya lava bila kukimbia. Waulize wazee wa mtaa lava ilipita wapi mara ya mwisho, na uangalie mvua kubwa ikinyesha maji yanatiririkia wapi. Ukiona yanapita uani kwako, umepata jibu la swali la kwanza bila kumwuliza mtaalamu.

Swali la tatu ndilo ambalo watu hulipita haraka, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Chukua nyumba mbili. Moja iko Majengo, karibu na njia ya lava, lakini wenyewe ni vijana wanne wenye pikipiki na ndugu yao yuko Gisenyi, Rwanda. Nyingine iko Keshero, mbali na njia ya 2002, na ndani kuna bibi asiyeweza kutembea, mama aliyejifungua juzi na watoto watatu, baba yuko Walikale machimboni. Ramani ya lava itasema nyumba ya kwanza iko hatarini zaidi. Mimi ningeihofia ya pili. Kama yako inafanana nayo, mpango wako unapaswa kuanza kufanya kazi mapema kuliko wa jirani, hata jirani akikucheka.

Kuna pia mitaa ambayo lava haijaifikia katika kumbukumbu ya waliopo, lakini inakabiliwa na tishio jingine kila siku. Bulengo, Mugunga na maeneo ya kuzunguka Lac Vert yana mazuku, yaani mahali panapojaa gesi ya kuua inayotoka ardhini. Hilo nitalirudia, kwa sababu mazuku hayangoji mlima ulipuke.

Njia mbili, si moja

Mwaka 2002 lava iliukata mji vipande viwili. Waliokuwa mashariki mwake walielekea Rwanda. Waliokuwa magharibi walielekea Sake. Aliyekuwa na mpango wa kwenda Gisenyi akajikuta upande wa Ndosho hakuwa na njia tena. Ndiyo maana kila nyumba inahitaji njia mbili, na uamuzi wa kuchagua utokane na upande ulioko wakati huo, usitokane na mazoea.

Chora mstari kichwani: kutoka Munigi, kupitia uwanja wa ndege, Birere, hadi ziwani. Ukiwa mashariki ya mstari huo, njia yako ni Petite Barrière au Grande Barrière. Ukiwa magharibi, njia yako ni Sake. Kuukatisha mstari lava ikiwa inateremka ni kamari, hata kama watoto wako wako upande wa pili. Ndiyo maana suala la watoto lazima liamuliwe kabla.

Usikimbie kwa kuifuata njia ambayo lava yenyewe itaifuata. Watu wakiogopa huteremka, na Goma ukiteremka unafika ziwani. Huko unaweza kujikuta una lava nyuma na maji mbele, huku mashua bandarini zimejaa kupita kiasi. Kimbia kwa kukata pembeni, mashariki au magharibi, mpaka utoke kwenye bonde, kisha ndipo uamue pa kuelekea.

Njia ya Sake ina matatizo yake. Tarehe 27 Mei 2021, mitetemeko ilipoendelea na nyufa kuonekana mjini, Gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru mitaa kumi ihamwe. Nayo ilikuwa Majengo, Mabanga Kaskazini na Kusini, Virunga, Bujovu, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Mamia ya maelfu ya watu wakajaa barabarani kwa siku moja. Magari yalisimama, walemavu walibebwa mgongoni, na waliofika Sake walilala makanisani, madarasani na kwenye veranda za watu, maji yakiwa haba. Tena vita vimekuwa vikiifungua na kuifunga njia hiyo. Hali ya usalama ibadilishe mpango wako kila mara inapobadilika: aliyepanga mwaka juzi apange upya leo.

Jambo dogo kwa wenye magari: usijaze gari vitu ukaacha jirani mzee. Na kama huna gari, chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, humbeba mgonjwa vizuri kuliko mabega ya watu wawili waliochoka. Ongea na mwenye chukudu wa mtaa wenu sasa, mkubaliane, kwa sababu usiku huo atakuwa na mzigo wake mwenyewe.

Bendera, redio na simu

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, hutumia rangi nne: kijani, hali ni ya kawaida; manjano, kaa macho; rangi ya machungwa, mlima unaonyesha dalili za kulipuka; nyekundu, mlipuko umeanza au uko karibu kabisa. Zijue. Lakini usizitegemee peke yake. Kabla ya mlipuko wa 2021 kituo hicho kilikuwa kimepungukiwa fedha baada ya ufadhili wa nje kumalizika, na kwa miezi kadhaa hakikuwa na intaneti ya kupokea taarifa za mitambo iliyo mlimani. Watafiti wake walifanya walichoweza. Hata hivyo rangi ya bendera ni sahihi kadiri ya mitambo inayoilisha.

Kwa hiyo uwe na dalili zako mwenyewe ambazo ukiziona hungoji bendera. Wingu jekundu juu ya kilele si lazima liwe mlipuko, kwani ziwa la lava likiwepo ndani ya kasoko huangaza mawingu, na volkano jirani ya Nyamuragira pia huangaza kwa upande wa kaskazini-magharibi. Wekundu wa kuogopa ni ule unaoonekana chini ya kilele, ubavuni, hasa ukiwa unasogea au una umbo la mstari. Mitetemeko inayofuatana bila kupoa, harufu kali ya kiberiti mahali ambapo haikuwapo, nyufa mpya ardhini zinazotoa mvuke au joto: kimoja kati ya hivyo kinatosha kuwatoa wazee, wajawazito na watoto usiku huohuo. Ukikosea, umepoteza usiku mmoja na nauli.

Upande wa WhatsApp, neno langu ni fupi. Ujumbe unaosema «imetoka juu, mtumie kila mtu» bila jina la ofisi wala saa, usiutume. Wakati wa mlipuko simu hulemewa, na kila sauti ya dakika tano inayozungushwa inamziba mama anayemtafuta mtoto wake. Tumia ujumbe mfupi wa maandishi. Hupita hata pale mazungumzo yanapokataa. Redio ndogo ya betri bado ina thamani yake.

Mfuko na dakika kumi

Andaa mfuko mmoja ambao mtu mzima anaweza kuubeba huku amemshika mtoto mkono. Ndani kuwe na kadi ya mpiga kura, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, hati ya kiwanja, vyote vimefungwa kwenye plastiki, na picha zake umemtumia ndugu aliye mbali. Weka pesa za noti ndogo, faranga za Kongo na za Rwanda. Kama una dola, ziwe hazijachanika hata kidogo, unajua zinavyokataliwa. Dawa za presha, sukari, kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ziwe za wiki mbili angalau, kwani mwaka 2021 watu waliondoka wakidhani ni kwa usiku mmoja na wengi walikaa zaidi ya wiki. Kuwe na tochi, betri ya kuchajia simu, maji, vidonge au klorini ya kusafishia maji, na kitenge kimoja au viwili. Miguuni, viatu vya kufunga. Kandambili hazifai kwenye mawe ya lava, hata yaliyopoa miaka mingi.

Baada ya mlipuko wa 2021 watoto zaidi ya 150 walipatikana wametenganishwa na familia zao. Hilo ni janga linaloweza kupunguzwa kwa kalamu. Mwandikie mtoto mdogo jina lake na namba mbili za simu kwa wino usiofutika, ndani ya nguo au kwenye mkono, na namba moja iwe ya mtu anayeishi nje ya Goma: shangazi wa Bukavu, kaka wa Kampala. Huyo ndiye kituo cha taarifa. Kila mtu wa familia akimpigia yeye tu, mtapatana hata kama ninyi wenyewe hamsikilizani. Kubalianeni pia na shule. Mlipuko wa 2021 ulitokea Jumamosi jioni, watoto wakiwa nyumbani; ungetokea Jumanne saa nne asubuhi, wazazi wangepanda kuelekea shuleni wakati walimu wanateremka na watoto. Mwulize mkuu wa shule atawapeleka wapi. Kama hana jibu, kamati ya wazazi imlazimishe awe nalo.

Kabla ya kufunga mlango, zima moto wa makaa kwa maji, funga mtungi wa gesi, kata umeme kwenye mita. Mbuzi na ng'ombe wafungue kamba. Mwenye kufuga sungura au kuku afungue banda.

Na petroli. Mwaka 2002, siku kadhaa baada ya lava kuingia mjini, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota, na makumi wakafa hapohapo. Walikuwa wameshaiepuka lava. Usiweke bidoni za petroli ndani ya nyumba, na ukiwa Kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani, chupa na bidoni zako ziondoe njiani kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kituo cha mafuta kilicho karibu na lava, hata kama lava imesimama na imekuwa nyeusi, kipite mbali.

Mazuku

Hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, hutoka ardhini kupitia nyufa za eneo hili zima. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia mabondeni, kwenye mashimo, mapangoni, ndani ya misingi ya nyumba iliyochimbwa. Ikizidi sehemu 10 kwa 100 ya hewa, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache na hufa asipotolewa. Kwenye mazuku yenyewe huzidi kiwango hicho mara nyingi. Kitambaa chenye maji hakisaidii, barakoa haisaidii, kwa sababu tatizo si uchafu ndani ya hewa. Hewa yenyewe imeondolewa.

Yapo wakati wote, mlima ukiwa kimya. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia na baridi imeshuka, hujaa zaidi. Jua likipanda na upepo ukianza hupungua. Anayepita saa saba mchana akiwa wima anaweza kuvuka bila kuhisi kitu, na mtoto wake akapita palepale saa kumi na moja alfajiri asirudi. Mtoto ni mfupi. Mbuzi ni mfupi zaidi, na mbwa. Mkimbizi aliyelala chini kwenye turubai bondeni ndiye mfupi kuliko wote, na wakimbizi wa vita wamewahi kupewa viwanja kwenye maeneo hayo kwa sababu hakuna mwenye ardhi anayeyataka.

Ukikuta ndege, panya, mijusi au wadudu wamekufa pamoja ndani ya shimo au bonde dogo, rudi ulikotoka na uweke alama ya mawe au mti ili wengine waione. Usiteremke kuangalia. Usijaribu kwa kibiriti au mshumaa, kwani hadi moto uzimike umeshachelewa. Kizunguzungu, moyo kudunda, pumzi kukatika ukiwa umeinama: simama wima, panda juu kuelekea unakotoka upepo.

Wengi hufa kwa mpigo mmoja, na sababu yake ni upendo. Mmoja huanguka, ndugu huteremka kumwinua, naye huanguka, kisha wa tatu. Ukimwona mtu ameanguka bondeni au ndani ya shimo la choo, usiinamie. Mvute kwa kamba, kulabu au mti mrefu ukiwa juu, upande wa upepo. Akishatoka, mweke penye hewa na umpulizie pumzi mdomoni. Wachimba visima na vyoo wafanye kazi mchana, wakiwa na kamba kiunoni na mtu juu asiyeondoka.

Kwa mwenye nyumba Bulengo au Mugunga: vitanda viinuliwe, asilale mtu sakafuni, hasa watoto. Nyufa za sakafu zizibwe kwa saruji. Matundu ya hewa yawe chini, usawa wa sakafu, upande wa mteremko, ili gesi iliyoingia ipate pa kutokea. Ukinunua kiwanja huko, ulizia majirani kama mifugo imewahi kufa pale kabla hujalipa hata senti.

Baada ya mlipuko mazuku huzidi na kuhama, na mahali palipokuwa salama huwa pabaya. Katika wiki za mwanzo epuka vyumba vya chini, mifereji mirefu na magofu yaliyo kwenye mabonde.

Ziwa Kivu nalo lina gesi, kilomita za ujazo karibu 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu. Watu wanaogopa litafanya kama Ziwa Nyos la Kamerun, lililoachia gesi usiku wa 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Lava ya 2002 iliingia Kivu na haikufika kwenye kina chenye gesi nyingi. Hilo haliifuti hofu kabisa, ila hofu isikuzuie kufikiria mambo yaliyo karibu zaidi na wewe. Ukitakiwa kuondoka ufuoni, panda juu. Ni hayo tu unayoweza kufanya.

Majivu na maji ya paa

Goma inafikiria lava. Masisi, Sake na Rutshuru wanafikiria majivu, na Nyamuragira ndiyo hulipuka mara nyingi zaidi, kila baada ya miaka michache. Lava yake kwa kawaida huishia mbugani Virunga, lakini moshi na majivu yake hayaishii huko. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya kioo na mawe. Hukwaruza macho, huwasha kifua, hasa cha mwenye pumu. Kwa majivu, tofauti na gesi, barakoa nzuri inayobana usoni inasaidia; ikikosekana, kitenge kilichokunjwa mara kadhaa ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Kukilowesha kitambaa hakukiongezei nguvu.

Majivu yakirundikana paani yafagie, maana mvua ikiyalowesha uzito wake huongezeka na mabati huinama. Tumia ngazi imara na mtu wa kukushikia. Kuanguka kutoka paani ni chanzo cha kawaida cha majeraha baada ya mvua ya majivu popote duniani.

Maji ndiyo shida ya muda mrefu. Familia nyingi za chini ya Nyiragongo hunywa maji ya mvua ya paa. Moshi wa mlima hubeba asidi na floraidi, mvua huzishusha, na asidi hula mabati yenyewe. Meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vingi vya huko yametokana na floraidi. Kuchemsha hakuiondoi; maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi. Moshi ukielekea kwenu, toa bomba la paa kwenye tangi, uache mvua ya kwanza imwagike, tangi ulifunike. Maji safi mliyo nayo yahifadhiwe kwa watoto na kupikia. Watu wa Ngazidja, Komoro, walilijua hilo mwaka 2005, mlima Karthala ulipomwaga majivu na matangi ya mvua yakachafuka, maelfu kwa maelfu wakabaki bila maji ya kunywa. Wafugaji wa kuzunguka Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ulipolipuka kuanzia Septemba 2007, walilazimika kuhamisha mifugo kutoka kwenye malisho yenye majivu. Nyasi zilizofunikwa zikosheni au mhamishe ng'ombe; akizila hivyohivyo ataugua meno na tumbo.

Mjini, lava ya 2021 iliharibu tangi kuu na mabomba, na nusu ya mji ikakosa maji. Goma ina kipindupindu wakati wote. Kwa hiyo maji ya ziwani yatiwe klorini kabla ya kunywa, bila kujali yanaonekana safi kiasi gani.

Kurudi

Hapa ndipo kanuni inageuka. Mwaka 2021, siku chache tu baada ya mlipuko, watu kadhaa walikufa kwa kukosa hewa walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado inafuka. Juu imekuwa jiwe jeusi, chini bado inaiva. Hubaki na joto kwa wiki na miezi, na gesi hutoka katika nyufa zake. Ganda jembamba huvunjika chini ya mguu. Mvua ikinyesha juu yake hutoa mvuke wa kuunguza. Usivuke mpaka mamlaka wafungue njia, hata ukiona wengine wanavuka na mizigo kichwani.

Nyumba iliyosalimika na lava inaweza kuwa imeuawa na mitetemeko, na Rubavu, upande wa Rwanda, nyumba pia zilipasuka mwaka 2021. Kabla ya kulala ndani, zunguka nje. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, ukuta uliojitenga na nguzo, mlango ambao sasa haufungiki: laleni nje kwanza. Mitetemeko huendelea siku nyingi. Fungua milango na madirisha yote kwa muda kabla ya kuingiza watoto, na usiwashe moto mpaka umehakikisha mtungi wa gesi hauvuji.

Kama lava imefunika kiwanja chako, tatizo litakalofuata ni mipaka. Mita mbili za mawe zikishapita, hakuna ua, hakuna mti, hakuna jiwe la alama. Mtaa mzima unakuwa uwanda mmoja mweusi, na watu wenye nguvu huanza kupima. Leo kabla hujalala, simama kwenye kila kona ya kiwanja chako, fungua ramani ya simu, piga picha ya skrini inayoonyesha majira ya mahali hapo, kisha piga picha ya kona yenyewe ukiwa na jirani wa upande huo. Zitume kwa yule shangazi wa Bukavu, na nakala ya karatasi mpe mkuu wa nyumba kumi, akusainie.